Mchawi wa Presha Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Muuguzi wa zahanati ya kazini kanipima. Presha juu! Kasema ni kazi: malalamiko ya wateja wa maji kwenye simu kutwa, bosi kufoka, chai kunywa nimesimama. Mfadhaiko ukizidi, moyo unaweza kuchoka. Nirudi Ijumaa, isiposhuka, vidonge. Mke wangu kalia, maana baba yake alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Mimi nimeingiwa na udadisi. Nani hasa anaipandisha? Nimeazima kipimo cha mama mkwe.

Jumanne, 4 Machi
Nimeingia kikaoni na mkanda wa kipimo chini ya koti. Bosi alipoanza kufoka, nikabonyeza. Mkono ukabanwa, mashine ikanguruma. Bosi akauliza ni nini hicho. Nikasema tumbo. Jibu: imepanda kidogo tu. Ajabu! Nilidhani bosi ndiye mchawi wangu.

Jumatano, 5 Machi
Nimejipima nikitukanwa. Bibi mmoja asiye na maji wiki nzima kaniita mzigo. Presha haikutikisika! Mchana, karani wa meza ya jirani, Baridi, kaomba naye apimwe. Yake ya kijana! Simu zilezile, bosi yuleyule! Kasema akishafokewa hutoka uani kunyoosha miguu, basi. Nikajipima hapohapo. Mashine nusura ipasuke. Kumbe mchawi ni Baridi!

Alhamisi, 6 Machi
Leo ni leo. Nimempa Baridi kiti kibovu. Simu zangu zote nimezielekeza kwake. Mezani kwangu kimya. Nikasinzia. Nikazunguka uani mara kadhaa, nikimchungulia dirishani kama ameanza kutoka jasho. Wapi! Jioni kanishukuru, eti kazi imechangamka. Mtu gani huyu?

Ijumaa, 7 Machi
Imeshuka! Muuguzi kafurahi. Kasema lolote nililofanya jana, usingizi na kutembea, niendelee nalo, na niache kujipimapima. Nimempigia mke wangu, kapiga kigelegele. Nimetoka kifua mbele.

Mlangoni, Baridi anasubiri zamu yake. Nikamngoja, nikijua simu zangu zimemmaliza. Katoka anacheka. Yake nayo imeshuka. Iko chini ya yangu!

Nimemwomba mama mkwe kipimo kikae kwangu mwezi mzima. Safari hii nitapumzika kumshinda Baridi, hata kama itaniua.