Mwalimu wa Usaili wa Simu

Kalisti wa Rau hakuwahi kumfundisha mtu kitu chochote maishani, lakini hilo halikumzuia kuwa mwalimu. Asubuhi hiyo alisimama kwenye meza ya magazeti mjini Moshi, akisoma bure tangazo la kazi. Kampuni moja ya Dar ilitafuta mnunuzi wa kahawa vijiji vya mlimani; nafasi moja, pikipiki ya kampuni, usaili kwa simu. Moyo ulimruka. Miaka kumi na mbili ya ujanja ilikuwa imemwachia jozi moja ya viatu, nayo inavuja. Safari hii aliitaka kazi kwelikweli, hata mshahara wa halali hakuuogopa.

Kando yake mkulima wa Kibosho, jina lake Eliamini, alikuwa akiandika kiganjani namba ya simu ya tangazo hilohilo.

"Usaili wa simu unafundishwa, kaka," Kalisti alisema. "Mwalimu ndiye mimi. Ada ni jogoo."

Kesho yake jogoo alifika, na somo likatolewa.

"Watu wa Dar wanapenda heshima. Usikimbilie mambo ya kazi. Wasalimie wao, wazazi, watoto, ng'ombe. Uliza mvua. Uliza ukoo. Dakika ishirini hivi."

"Ng'ombe? Wa Dar?"

"Hasa ng'ombe."

Eliamini alishukuru mpaka Kalisti akaona haya. Haya hiyo iliisha jogoo alipoiva.

Siku ya usaili Kalisti aliingia kibanda cha simu na suti ya kuazima, ingawa wa kumwona alikuwa mwenye kibanda peke yake.

"Ukifika kwa mzee mwenye kahawa, unaanzaje?" mama wa upande wa pili aliuliza.

"Naanza na bei, madam. Mimi sipotezi muda."

Kimya kikapita. Kalisti alikihesabu kuwa ni sifa, akatoka akipiga mluzi.

Wiki mbili baadaye pikipiki mpya ilisimama mlangoni kwake. Alishuka Eliamini, jogoo mwingine kwapani.

"Mwalimu, nimepata! Yule mama amesema mnunuzi wao wa kwanza alifukuzwa vijiji vitatu kwa kuanza na bei. Wazee wetu hawamuuzii mtu asiyewaulizia ng'ombe. Pokea asante yako."

Roho ilimuuma Kalisti. Mji mzima haukuwa na mwalimu mwingine ambaye mwanafunzi wake alifaulu kwa somo la uongo, naye mwalimu mwenyewe akafeli.

"Na Sanya Juu kuna nafasi nyingine," Eliamini aliendelea. "Usaili Jumatatu, kwa simu."

Kalisti alimsogelea. "Eliamini, kaka yangu... ukimaliza wazazi, unaenda kwa watoto au kwa ng'ombe?"

Eliamini alimtazama. Akaitazama suti ya kuazima iliyokuwa bado inaning'inia ukutani, akaelewa yote: mwalimu naye alikuwa ameiomba kazi ileile. Alicheka taratibu, akamrudisha jogoo kwapani.

"Ada unaijua," alisema.