Topido Haziheshimu Mtu Mzima

Jumatatu, 4 Agosti

Nimezama. Wa kwanza kuzama, kama jana, kama juzi. Chai niliyojimiminia kabla ya vita ilikuwa bado inafuka moshi.

Topido ilinipiga ubavuni. Topido ni bomu refu kama mchi, linakuja chini ya maji na kuacha mstari mweupe nyuma. Niliiona! Asije mtu akasema sikuiona, macho yangu mazima. Lakini mimi nilikuwa kwenye njia yangu, nakwenda zangu taratibu, na yeye ndiye aliyenikuta. Nani ampishe mwenzake? Mimi nina wajukuu! Sikupisha. Na yeye hakupisha. Hakulelewa.

Nahodha akaniambia kwenye hedifoni, Bibi si ungekata kona tu. Nahodha ni mjukuu wangu wa kwanza, muuguzi, ndiye aliyeniletea tableti na kunifundisha huu mchezo wa manowari. Nikamwambia sikati kona kwa ajili ya kitu kisicho na mama. Kitindamimba akacheka hadi akapaliwa. Huyo yuko chuoni, hana adabu hata chembe, nampenda. Kimya hakusema kitu. Kimya ni dereva wa lori, ndiye wa katikati. Tangu azaliwe anatoa maneno kama anang'olewa jino.

Wote watatu wako miji ya mbali. Simu hawapigi. Wakipiga ni shikamoo Bibi, hujambo, haya baadaye. Lakini wakiwa mchezoni wananiongelesha, wananitania, nawasikia hata wakitafuna. Bila mchezo huu ningekuwa naongea na masufuria.

Sasa balaa. Jumapili kuna mashindano, na kikosi ni watu wanne. Sisi tuko watano, maana wifi yangu naye amejileta. Dada wa marehemu mume wangu, mwalimu mstaafu, anajua kila kitu na anakijua kwa sauti. Nahodha ametangaza kwamba Ijumaa tutapimwa mimi na wifi. Atakayetangulia kuzama anakaa nje. Na kikosi kikifuzu, kitacheza kila Jumapili mpaka mwaka uishe.

Yaani kila Jumapili wajukuu wangu wacheke na wifi, mimi nitazame ukuta? Thubutu!

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata akili nikiwa nachambua mchele. Topido haipandi nchi kavu. Kwa hiyo nijifiche nyuma ya kisiwa mpaka vita viishe. Rahisi! Sijui kwa nini waliosoma hawakuliona.

Nilikwenda kwa kasi sana. Kisiwa sikukizunguka, nilikipanda. Meli ikakaa juu ya mawe, pua hewani, kama mbuzi juu ya paa. Kurudi nyuma haitaki, kwenda mbele haitaki. Nikasema sawa, hapahapa. Nikaendelea na mchele wangu.

Wifi akauliza, kwa ile sauti yake ya darasani, kama nimekwenda kuota jua au nimeolewa na kisiwa. Kitindamimba akapiga vigelegele vya harusi. Nikamjibu wifi kwamba nimeolewa, tena safari hii nimeangalia vizuri, kisiwa hiki hakina dada.

Kimya alicheka. Kimya! Nilimsikia kabisa, kicheko kizima chenye mwanzo na mwisho. Nilijisikia kama nimepewa ng'ombe.

Ndipo topido ikaja kutoka nyuma. Kumbe kisiwa kina pande mbili. Hilo hakuna aliyeniambia.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda kwa fundi simu, yule mwenye meza pembeni ya duka la vipuri. Kila nikipita namkuta anacheza manowari badala ya kutengeneza simu za watu. Nilianza kwa kumkaripia kuhusu hilo, kisha nikamwomba anifundishe.

Akasema, mama, kosa lako unazipa topido ubavu. Zigeuzie pua. Ukiwa umezielekea unakuwa mwembamba, zinapita huku na huku, wewe unapita katikati. Nikamwambia mimi sijawahi kuwa mwembamba, hata nilipokuwa bibi harusi. Akasema anaongelea meli. Nikamwambia aseme hivyo tangu mwanzo.

Sikutaka maneno matupu, nikaenda kufanya mazoezi sokoni, kwenye ile njia ya mikokoteni ya mizigo. Mkokoteni wa kwanza ulikuja, nikaugeuzia pua, ukapita kushoto. Wa pili, pua, ukapita kulia. Wabeba mizigo wakanishangilia. Mmoja akauliza bibi huyu anacheza mpira wa timu gani.

Wa tatu ulikuja ukiwa na kijana anayepiga mluzi. Mluzi! Mbele ya mtu wa makamo yangu! Hapo heshima yangu ikanirudia. Nikasimama katikati ya njia, mikono kiunoni. Sipishi.

Akakwepa yeye. Aliingia na mkokoteni wake mzima kwenye nyanya za mwuza nyanya. Mwuza nyanya ameniita majina ambayo hayaandikiki. Moja limenipendeza, nitamwita nalo wifi. Nikainama kuokota nyanya, nyingine zilishakuwa mchuzi.

Lakini tuseme ukweli. Nilisimama, na nani alikwepa? Si yeye? Basi fundi simu hajui yote.

Jumamosi natakiwa nikamsaidie mwuza nyanya kupanga meza upya. Amesema nisipokwenda atakuja kunifuata nyumbani kwangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo ilikuwa siku ya mazoezi ya mwisho. Mpango ulikuwa huu: asiyefanya mazoezi huota kutu, kwa hiyo wifi aote kutu. Nikamwalika chai saa ileile ya mazoezi. Nikamtumia ujumbe mtamu, kwamba sisi ni watu wazima, tumezika pamoja na tumeozesha pamoja, aje tuongee mambo ya ukoo.

Alikuja amejipaka mafuta, anang'aa kama kikaango kipya. Nikamkalisha kwenye kiti kizuri. Nikaanza habari ya mjomba wao aliyeuza shamba lisilo lake, habari ndefu, haina mwisho, niliichagua makusudi. Nilikuwa bado sijafika hata shambani wifi akasema samahani, wifi yangu, saa imefika. Akatoa tableti kwenye mkoba. Akaiegemeza kwenye birika langu.

Birika langu!

Akacheza mezani pangu, mkate mkono mmoja. Topido zinakuja, anageuza pua, anatafuna, zinapita. Zinakuja nyingine, anageuza, anatafuna, zinapita. Kila zikipita ananiomba sukari. Mimi nikakimbilia chumbani kuchukua tableti yangu nami niingie. Imezima! Haina chaji hata ya kuwasha taa. Asubuhi niliichomoa ukutani ili nichomeke jagi la umeme nimchemshie yeye maji ya chai.

Nikasikia Kitindamimba anauliza Bibi yuko wapi leo. Wifi akamjibu Bibi yuko hapa ananihudumia, hajambo kabisa.

Ananihudumia. Nimeosha kikombe chake mara mbili kwa hasira.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya kupimwa. Nilioga mapema, nikavaa kama mtu anayekwenda mahakamani.

Mpango: meli ya wifi ni kubwa, pana kama ghala. Yangu ni ndogo ya mbio. Basi nijibanze nyuma yake, kila topido itakayokuja aile yeye. Akizama, amezama wa kwanza, kwisha habari. Nikamganda kama kupe. Wifi akauliza kwa nini namfuatafuata. Nikamwambia ni mapenzi.

Topido zikaja, nne kwa mkupuo. Nikafumba jicho moja kwa furaha. Wifi akageuza pua, ghala lote likageuka, akapita katikati yao kama mtu anayepita kati ya viti vya harusini. Na mimi nyuma yake! Zote zinaniangalia! Sikuwa na muda wa kukumbuka heshima yangu, mikono ikageuza yenyewe. Pua! Moja ikapita kushoto, nyingine kulia, nazo mbili zikaenda kuuana na mawe.

Nilikwepa! Masikio yakajaa kelele. Nahodha anapiga kelele Bibiii, Kitindamimba anapiga kelele, Kimya kasema safi, Bibi, maneno mawili kwa mpigo! Machozi yalinilengalenga, sikufichi.

Kwa furaha hiyo nikasema ngoja na mimi niwatupie. Adui alikuwa mbele kabisa. Nikabonyeza. Topido zangu zote zikatoka vizuri, zimenyooka, mistari myeupe mizuri kama kamba mpya za kuanikia nguo.

Kati yangu na adui alikuwepo wifi.

Alizama papo hapo. Kimya kikatanda, na safari hii si yule mjukuu. Kisha wifi akasema, wifi yangu, tangu siku uliyoolewa nilijua utanizamisha, ila sikujua utatumia bahari. Wakacheka wote mpaka tableti ikawa inakwaruza.

Nikawakumbusha sheria. Nani katangulia kuzama? Wifi! Basi nafasi ni yangu! Nahodha akanieleza polepole, kama anavyowaeleza wagonjwa. Mchezo una adhabu kwa anayezamisha mwenzake. Nimefungiwa mpaka Jumatatu.

Mpaka Jumatatu! Vita vyenyewe ni Jumapili!

Jumapili, 10 Agosti

Niliapa sitawasha tableti. Nikaiweka chini ya mto, nikaukalia mto. Nahodha akapiga simu, akasema aliyefungiwa haruhusiwi kucheza ila anaruhusiwa kutazama na kusema. Nikamwambia mimi si mlinzi wa getini. Akasema basi, Bibi, pole. Nikawasha.

Ukiwa mtazamaji unaona bahari yote, kama mtu aliye dirishani anayeona nani anaingia kwa nani. Dirisha nalijua vizuri. Nikaanza. Kimya, ubavu huo, funga ubavu! Wewe wa chuo, acha kuchezea simu nyingine, zinakuja kulia! Nahodha, mwanangu, unakwenda wapi peke yako kama mwizi? Nilikaripia mpaka koo likakauka. Wakageuka, wakakwepa, kila nikipiga kelele wanatii. Mbona wakiwa wadogo hawakunitii hivi?

Hata wifi. Topido zilimjia kwa nyuma, sikutaka kusema, nikang'ata ulimi. Ulimi ukashinda. Wifi, pua! Pua, mwanamke! Akageuza, zikapita. Akasema ahsante, wifi. Bila sauti ya darasani. Sijui alikuwa anaumwa.

Tumefuzu. Mchana mzima niliongea nao, tukacheka, Kitindamimba akaniigiza nikimkaripia Kimya, Kimya naye akaniigiza! Nahodha akasema hawajawahi kuwa na macho kama yangu. Akaniomba kila Jumapili niwe mtazamaji wao, nikae na hedifoni, niwakaripie. Wote wakasema ndiyo, Bibi, tafadhali.

Nimekataa. Nina manowari yangu. Sina mpango wa kuwa dirisha wakati wifi anaendesha ghala. Nimewaambia kesho naanza mazoezi rasmi, na wifi akikalie kiti chake kwa tahadhari.

Jumatatu, 11 Agosti

Kifungo kimeisha leo saa nne asubuhi. Saa nne kasoro nilikuwa nimeshakaa, chai pembeni, tableti imejaa chaji, jagi la umeme nimelifungia kabatini.

Simu ikaita. Kimya! Nikadhani amepata ajali. Akasema hapana, amepaki lori, anakunywa maji, basi amenikumbuka tu. Kwamba akikumbuka jana nilivyomkaripia, alicheka peke yake barabarani mpaka watu wakamshangaa. Akanywa funda jingine. Kisha akasema Bibi, kuna mtu nataka nikuambie habari zake, hata Nahodha sijamwambia. Kuna dada mmoja, anauza vitabu.

Na akaanza. Polepole, kama kawaida yake, neno moja, pumzi, neno la pili. Mimi naangalia saa ya ukutani. Saa nne kamili! Meli yangu imeshaanza kuelea, adui wameshaonekana, na yeye bado anatafuta neno la kuelezea macho ya muuza vitabu.

Nikamwambia mjukuu wangu, hayo mambo mazuri, ila usinipotezee muda, utaniambia siku nyingine. Nikakata.

Sina nafasi ya maongezi leo. Nafasi ya kuongea na wajukuu wangu kila Jumapili hailetwi kwenye sahani, lazima mtu aipiganie.