Mkono wa Pedeli Ulioingia Tanurini

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Roho juu! Ijumaa Mzee Hamood anatoa jibu la posa ya bintiye, Rumaitha. Nimeposa mie, na kaposa Mjaka, fundi baiskeli mwenzangu hapa Konde. Leo baiskeli ya Mzee imekatika mkono wa pedeli. Kaileta kwangu! Mjaka kaona, kanuna. Alhamdulillahi.

Jumanne, 9 Septemba
Nimtilie chuma cha kawaida? Hata! Ninao mkono wa titani, kaniletea binamu yangu Muhannad kutoka Maskati. Kiwandani kwao hawafui. Wanamwaga unga wa titani, leza inauyeyusha tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kinasimama. Mwepesi, haushiki kutu. Nimempigia simu. Kasema nisithubutu: ni wa maonyesho, una vitundu ndani, ukikanyagwa kanyagwa utaachana kwenye tabaka. Tena haujaokwa.
Nikakata simu. Kumbe ni kuoka tu!

Jumatano, 10 Septemba
Nimeupenyeza kwenye tanuri ya Shangazi Mwanakhamis, katikati ya mikate ya boflo. Kauliza kitu gani kile. Nikamwambia ni cha unga, kinataka moto. Kanitazama weee, kisha kauliza kama nimetia hamira.
Saa nzima. Umetoka na umanjano kidogo. Umeiva! Muhannad kaniandikia kuwa tanuri yao haina hewa ndani, na moto wake unafika nyuzi mia tisa. Watu wa Maskati kwa makuu! Nimeufunga, Mzee kaondoka na baiskeli yake.

Ijumaa, 12 Septemba
Lahaula! Jana baiskeli ilikwenda vizuri, Mzee kanisifu mbele ya Mjaka. Leo, kwenye kilima cha msikitini, mbele ya kila aendaye Ijumaa, mkono umeachana tabaka tabaka kama chapati. Mzee chini! Kanzu imechanika, mguu umevimba. Nani kambeba? Mjaka! Na Mzee, huko huko mgongoni, katangaza kuwa jibu la posa atalitoa siku atakayoweza kusimama.
Lakini hajakataa!

Jumamosi, 13 Septemba
Rumaitha kaniletea maneno: niende nimtake radhi babake, mikono mitupu, nisiguse chochote chake, basi yatakwisha.
Mikono mitupu? Aibu hiyo! Mzee anahitaji gongo la kusimamia. Nimeshamwagiza Muhannad la titani, nimemwambia la ukumbusho. Shangazi kakubali tanuri. Safari hii naoka saa tatu nzima.
Na hamira natia.