Mashine ya Vituo Vitano

Jumamosi, 12 Oktoba
Kikao cha kambi, jikoni kwangu. Kambi ya kuwinda elki, wale kulungu wakubwa wa milimani, ni ya ukoo wa mke wangu, Ardith, tangu enzi za babu yao, na sheria yake ni moja: asiyekuja na risasi alizoshindilia kwa mikono yake mwenyewe ndiye mpishi. Siku sita! Mimi hununua za dukani, kwa hiyo nimepika miaka saba mfululizo. Leo Virgil, kaka yake Ardith, kaniletea zawadi mbele ya watu wote: kisu kipya cha kumenyea viazi. Eti shemeji, kile cha zamani lazima kimeisha makali. Wakacheka mpaka machozi. Hata mke wangu! Na mimi nikacheka, kwa meno tu.

Mwaka huu simenyi hata kiazi kimoja. Tunaondoka tarehe ishirini na tano. Nina siku kumi na tatu.

Jumapili, 13 Oktoba
Mahubiri sikuyasikia. Niliandika vifaa nyuma ya karatasi ya nyimbo: mashine, kalibu ya kunyooshea maganda, mizani, maganda matupu ya risasi, fataki za kuwashia baruti, baruti yenyewe, vichwa vya risasi, kitabu cha vipimo. Nikafuta kitabu. Ardith anasema si nimuulize tu Virgil, ana miaka thelathini kwenye mambo hayo. Nimuulize Virgil! Afadhali nimenye viazi. Hapana, afadhali nife.

Jumatatu, 14 Oktoba
Dukani. Muuzaji kauliza kama ndiyo naanza. Nikamwambia naendelea. Kwa ujanja nikamchimba: Virgil anatumia ipi? Akanionyesha kichuma kidogo kama cha kubanjia karanga. Unavuta mpini mara moja, ganda moja linafanyiwa kazi moja. Kasema anayeanza aanzie hapo, polepole, aijue kila hatua. Polepole! Na siku zinakwenda!

Pembeni yake sasa. Mungu wangu! Kubwa, inang'aa, ina sahani inayozunguka, vituo vitano, kila kimoja na kazi yake. Kila ukivuta mpini inatema risasi nzima. Muuzaji kasema hiyo ni ya wanaofyatua mamia kila wiki, mwindaji risasi ishirini zinamtosha mwaka mzima. Sikumsikia vizuri, nilikuwa naishikashika. Tumebadilishana kwa keekee yangu ya injini ya kutobolea barafu. Majira ya kuvua samaki chini ya barafu bado yako mbali.

Jumatano, 16 Oktoba
Mashine inataka meza nzito. Sina. Nilipoisogelea meza ya jikoni na drili, Ardith aliikumbatia. Nikaifunga mashine kwenye meza ya kupigia pasi, bolti nne. Inakunjika, inabebeka hadi kambini! Ardith kauliza yeye atapigia wapi pasi. Nikamjibu elki hawatazami mikunjo ya shati. Akachomoa pasi, akaenda zake nayo. Mke wangu akiondoka kwa utulivu, hapo ndipo pa kuogopa.

Alhamisi, 17 Oktoba
Nimekwenda uwanja wa shabaha wa klabu kuokota maganda. Nimetambaa kwa magoti, kofia mkononi. Bibi Ione, mlinzi wa ndoo ya maganda, kakanyaga moja kwa kiatu nikiwa nalifikia. Kasema lile lina alama ya Virgil, na la Virgil haliokotwi. Kauliza lini nimeanza kula maganda ya shaba. Nikamwambia nafanya usafi. Hakuamini. Nimerudi na maganda sitini, na nusu yake hayaingii kwenye bunduki yangu.

Jumamosi, 19 Oktoba
Balaa.

Nilipanga kuanza na kunyoosha maganda, baruti baadaye. La kwanza likagoma kupanda ndani ya kalibu. Nikaukandamiza mpini. Likapanda. Nikavuta kulirudisha. Haliji! Nikaning'inia kwenye mpini kwa uzito wangu wote, na meza ya pasi ikanyanyua miguu kama mbuzi. Nikaanguka nayo. Ardith kaja na kikombe chake cha kahawa, kaokota kikopo kutoka kwenye boksi, kakisoma: mafuta ya kupaka maganda, pakaa kila ganda kabla ya kuliingiza. Kauliza kama hiki nilidhani ni cha midomo. Siku sita zimebaki na ganda limekwama kama kizibo.

Jumapili, 20 Oktoba
Sikuwa na ujanja. Nimebeba kila kitu hadi kwa Virgil, meza ya pasi na yote, nimeifunika blanketi. Bibi Ione alipita na gari lake, akapunguza mwendo, akapiga honi.

Virgil kazunguka meza mara mbili. Kauliza hii inashindilia risasi au inapiga pasi sare za jeshi. Nikavumilia. Kisha kauliza mizani yangu iko wapi. Nikamwambia ninayo, ile ya Ardith ya kupimia unga. Kicheko kikamkatika palepale. Kasema shemeji, baruti si unga, ukizidisha kidogo tu bunduki inakupasukia usoni, na mimi siko tayari kumzika mume wa dada yangu. Kasema kwa sauti ya chini, hakunitazama. Niliona haya, nakiri.

Akaingia stoo, akatoka na mashine ndogo ya marehemu baba yao. Mpini umelainika kwa viganja vya mzee. Kasema ni yangu nikitaka, ila nikae naye chini na nifuate anavyosema.

Jumatano, 23 Oktoba
Jioni tatu kwa Virgil; lile ganda lililokwama alilitoa jioni ya kwanza. Miwani machoni, redio imezimwa, baruti inapimwa ganda moja moja, kitabu kiko wazi mezani. Nimejaribu kuruka hatua mara mbili, kanipiga kofi mkononi kama mtoto. Leo nimemaliza. Risasi kumi! Zangu! Virgil kazigeuzageuza kwenye mwanga, akanipa mkono. Kasema shemeji, mwaka huu unakuja kambini kama mwindaji. Nilirudi nyumbani nikiimba. Ardith kanibusu shavuni, kisha akampigia kaka yake simu wakanong'ona. Sijui la nini.

Ijumaa, 25 Oktoba
Safari! Pikapu imejaa. Nilikuwa nafunga mlango wa nyuma wazo likanijia: kumi ni chache. Nikiifikisha kambini ile mashine kubwa, watu wote watanitazama nikitema risasi mia, na Virgil atajua nani ni nani. Meza ya pasi imekataa kuingia. Nikashusha begi dogo, ikaingia. Nitalirudisha nikipata nafasi. Ardith kauliza kupitia dirishani kama risasi ninazo. Nikamwambia mwanamume hasahau kitu kama hicho.

Jumamosi, 26 Oktoba
Kambini. Theluji magotini, simu hazishiki, nyumbani ni saa nne kwa gari.

Risasi zimo kwenye begi dogo. Begi dogo limo varandani kwangu.

Asubuhi kila mtu aliweka zake mezani, ndiyo desturi. Mimi nikaweka meza ya pasi. Walisubiri. Nikapapasa mifuko yangu yote, hata ya Virgil. Niliomba waniruhusu nitengeneze nyingine papo hapo. Baruti imo kwenye begi lilelile. Virgil safari hii hakucheka, na hilo liliniuma kuliko kisu. Kisha akatia mkono kwenye koti akatoa kisu kilekile cha viazi. Kasema Ardith alimwomba tangu Jumatano akibebe, akampelekea mwenyewe, kwa tahadhari tu.

Wamepanda mlimani wote. Nimemenya viazi arobaini juu ya meza ya pasi, kimo chake kinafaa sana. Nimefikiri muda mrefu, na kwa uaminifu, kosa lilikuwa wapi. Nimeliona. Pikapu yangu ni ndogo.

Jamaa wa kambi ya jirani anauza lori. Viazi vikishachemka, nakwenda kulitazama.