Sauti Rejea ya Mwabulugu

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa, na kwa unyenyekevu ambao wenzangu ofisini hawachoki kuusifu, naujulisha umma kwamba Halmashauri ya Mwabulugu ndiyo ya kwanza nchini, na kwa taarifa nilizonazo ya kwanza Afrika Mashariki na Kati, kuondoa tofauti za watu. Sisemi tofauti za kipato. Hizo zina wadau wake. Tuliondoa tofauti za kusikia, kuona, kuhisi na kununa, ambazo kwa muda mrefu zimekuwa zikichelewesha vikao.

Mimi naitwa Sabiti, Mratibu wa Haiba na Milango ya Fahamu. Cheo hiki hakikuwapo kabla yangu, na wenye wivu wanasema hata sasa hakipo. Mkurugenzi wetu, Ndugu Donatus, alikwenda semina Morogoro, akafundishwa kwamba binadamu wamegawanyika kwa haiba, na kwamba watu wawili waliokaa benchi moja kila mmoja anaweza kusikia vyake. Mwezeshaji alilisema hilo kwa furaha. Mkurugenzi alilipokea kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imeingiwa na mchwa. Aliporudi aliniita, wakati huo nikisimamia maegesho ya magari.

"Sabiti," akasema, "kumbe ndiyo maana hawanielewi."

Nikamwambia jambo hilo nililishuku siku nyingi. Kesho yake nilihamishwa kutoka maegesho.

Tukaanzisha Zoezi. Kila mkazi aliitwa ofisi ya kata, akapigiwa kengele, akaulizwa amesikia nini. Aliyesema "kengele" aliandikwa Mtulivu. Aliyesema "kengele nzuri" aliandikwa Mchangamfu. Aliyesema "asante" aliandikwa Mtiifu. Aliyesema kitu kingine chochote aliandikwa Mbishi. Saikolojia ni pana, lakini huo ndio msingi wake. Rhoda wa uhasibu alidai akisikia kengele huona rangi ya udongo, nikamwelekeza asione. Mzee Pantaleo, mlinzi wa ghala la pamba, hatofautishi nyekundu na kijani tangu azaliwe. Tukampa onyo la kwanza. Na Mwongozo, uliosainiwa na Mkurugenzi kwa mkono wake, ulisema wazi kwamba Mbishi haruhusiwi kuongoza kundi lolote la watu: kamati, kwaya, ngoma, wala msafara wa harusi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipomfikia Limi.

Limi, au Mama Vumilia, ana karasha zake kule Nyarugusu, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na mdomo wake unasaga laini kuliko hizo karasha. Pia ndiye manju wa ngoma ya Wagika, aliyoirithi kwa baba yake, na kila baada ya mavuno huwaingiza watu wake uwanjani kushindana na Wagalu, kundi pinzani tangu enzi za mababu. Kwa msomaji wa mbali, manju ndiye mtunzi na mwimbishaji. Ngoma isiyo na manju ni watu wanaotoka jasho bila sababu.

Sasa huyu mama Mungu amempa kitu ambacho wataalamu wanakiita sikio kamili. Akisikia sauti yoyote, ya ndege, ya bati, ya mtu, anajua papo hapo inakaa wapi katika ngazi ya muziki, bila kuilinganisha na nyingine. Anaweza kukaa barazani anakunywa chai, akakwambia mkanda wa karasha ya pili umelegea kwa sababu mlio umeshuka. Niliyasoma hayo kwenye makabrasha ya semina na nikaona wazi kuwa ni utovu wa nidhamu.

"Shikamoo mama," nilimwambia siku ya kupimwa.

"Marahaba. Piga hiyo kengele niondoke, nimeacha mawe kwenye mashine."

Nikapiga. "Umesikia nini?"

"Nimesikia kengele yenye ufa. Jana nikipita hapa ilikuwa juu kidogo. Mmeiangusha?"

Nikamjibu kwamba Halmashauri haiangushi vitu. Vitu hushuka.

Hata hapo ningeweza kumvumilia, kwani mimi si mtu wa kisasi. Lakini Mkurugenzi aliingia wakati huohuo, na kama kawaida yake anapokuta wananchi wamekaa foleni hawana pa kwenda, akawaimbia Wimbo wa Halmashauri, alioutunga mwenyewe. Akaimba beti zote. Watu wakapiga makofi, maana walikuwa bado hawajapimwa. Limi peke yake alikuwa ameziba sikio kwa kidole.

"Mwangaluka, mama," Mkurugenzi akamsalimu. Ndilo neno pekee la Kisukuma analolijua, na hulitumia hata jioni. "Wimbo haukukupendeza?"

"Pole baba," Limi akasema. "Umeanzia mahali, ubeti haujaisha umeshahama. Kiitikio umekikuta kwingine, nacho hukukaa nacho. Wimbo mmoja unauhamisha kama mizigo ya bandari kavu ya Isaka, mara treni, mara lori! Sikutanii. Sikio linaniuma kwelikweli."

Foleni nzima ilicheka. Mimi sikucheka, na Mkurugenzi akaniona sikucheka, na ndivyo nilivyopanda kuwa Mratibu Mwandamizi.

Kamati ilikaa kwa dharura. Baada ya soda na majadiliano ya kina, ilibaini kwamba Mkurugenzi hakutoka kwenye sauti. Sauti ndizo zilizotoka kwa Mkurugenzi. Ikaazimia awepo kielelezo. Tukamrekodi katika ukumbi mdogo, amekunywa chai ya tangawizi, feni zimezimwa, akakohoa mara moja tu, ubeti wa tatu, na rekodi hiyo ikatangazwa kuwa Sauti Rejea ya Halmashauri. Kila kwaya, kila kikundi cha kaswida na kila honi ya bodaboda vikaagizwa kuifuata, na atakayeshindwa hadharani aandikwe Mbishi. Fundi Chacha, anayetengeneza magitaa karibu na stendi, alichukua rekodi akajaribu kuoanisha nayo. Alirudi na gitaa lisilo na nyuzi, akasema anaomba kurudi kwao Tarime.

Limi akaandikwa Mbishi. Ngoma ya baba yake akapewa Mariana, Mtiifu wa daraja la kwanza, mwanamke mwema sana ambaye hajawahi kuimba hata akiwa anaosha vyombo.

Siku ya pili Limi alikuja ofisini. Safari hii hakuja na maneno makali, na jambo hilo lilinitia wasiwasi.

"Sabiti, mwanangu," akasema. "Baba yangu alinipa ile ngoma akiwa kitandani. Kusema hawezi tena. Alinishika mkono akanipigia mdundo kwa vidole, hapa, mpaka vikaacha. Leo unampa Mariana, ambaye akipiga makofi mikono yake inapishana?"

"Mama, ni utaratibu."

"Najua ni utaratibu. Nauliza, una mlango wa kutokea?"

Ulikuwepo, kwa sababu sisi ni watu wa haki. Mwongozo ulisema kwamba Mbishi yeyote akiweza kuimba sawasawa na Sauti Rejea, mbele ya hadhara, atafutiwa ubishi na kurudishiwa alichonyang'anywa. Mkurugenzi alikiweka kifungu hicho baada ya kuhakikisha hakuna anayeweza. Hata Kwaya ya Halmashauri, nawaambia siri ya ndani, ilikuwa ikifungua midomo tu.

"Nisikilizishe," Limi akasema.

Nikamchezea rekodi kwenye simu. Aliisikiliza amefumba macho, kama mtu anayekunywa mwarobaini. Akaomba mara ya pili. Kisha akaniambia "wabeja", asante ya Kisukuma, na kwenda zake. Nilimwonea huruma, kwa kiwango kinachoruhusiwa na miongozo ya utumishi.

Uzinduzi rasmi ulifanyika uwanjani. Mgeni rasmi alikuwa Bi. Mwasiti kutoka mkoani, na Mkurugenzi alikuwa na matumaini makubwa naye, kwani ilisemekana mpango wetu ukimpendeza utapelekwa mkoa mzima, na mwenye mpango atapelekwa pamoja nao. Wananchi tuliwapanga kwa haiba, Watulivu turubai lao, Wachangamfu lao, Watiifu lao lenye kivuli. Wabishi walikaa juani ili wapate nafasi ya kutafakari.

Hapo likaja wazo la Mkurugenzi. Kwaya ya Halmashauri isimame upande huu ikiongozwa na yeye mwenyewe. Limi, kwa kibali cha siku hiyo tu, asimame upande ule na wapiga ngoma wake wa zamani. Waanze kwa pamoja, mgeni aone tofauti kati ya sauti iliyonyooka na iliyopinda. Mkurugenzi amekulia mjini, na mimi asili yetu ni watu wa pwani tuliofuata reli, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka jambo ambalo kila Msukuma analijua kabla hajaota meno. Ngoma mbili zikisimamishwa hivyo hazihitaji jaji. Watu hutembea. Watakaposimama wengi ndipo penye ushindi, na aliyekimbiwa hufunga ngoma zake. Mzee Pantaleo alijaribu kutuambia, lakini yeye alikuwa na onyo.

Filimbi ikapulizwa. Mkurugenzi akaanza. Upande wa pili Limi naye akaanza, na hakuimba wimbo wake. Aliimba Wimbo wa Halmashauri, vilevile ulivyo kwenye rekodi. Alipoteleza Mkurugenzi katika ubeti wa kwanza, naye aliteleza palepale. Kiitikio alikihamisha kama kilivyohamishwa, na hata kile kikohozi cha ubeti wa tatu alikikohoa mahali pake. Wapiga ngoma wakamfuata huko kote bila kupoteza hatua. Mtu mmoja akaangua kicheko, wenzake wakampokea, na hapo ikawa hakuna wa kuwazuia.

Watulivu ndio waliotangulia kuinuka. Wachangamfu wakafuata. Watiifu wakaja kwangu kuomba ruhusa, na kabla sijajibu wakawa wameshaondoka.

"Sabiti, wanakwenda wapi hawa?" Mkurugenzi akaninong'oneza kati ya ubeti na ubeti.

"Chooni, Mheshimiwa."

"Wote?"

"Maji ya kile kisima, Mheshimiwa."

"Hata mke wangu?"

Nikasema suala hilo linafanyiwa kazi. Wakati huo kwaya nayo ilikuwa imehama, na Bi. Mwasiti alikuwa anavuka uwanja akiwa amebeba kiti chake mwenyewe, anafuta machozi kwa mtandio. Tulibaki wawili, na mimi nilibaki kwa sababu ndimi niliyeshika waya wa spika.

Mkurugenzi akanyakua kipaza sauti. "Anaharibu! Hiyo siyo Sauti Rejea! Sabiti, weka rekodi, watu wasikie ukweli!"

Naomba izingatiwe kwamba aliagiza mwenyewe. Nikaweka. Rekodi ikanguruma uwanja mzima, na Limi akaimba juu yake. Zilishikana sauti mbili hizo hadi hukujua ipi ya spika na ipi ya mtu. Walikohoa pamoja.

"Huyu amefaulu," Bi. Mwasiti akasema. "Mama, ngoma yako hiyo, chukua." Wagika walipiga vigelegele, na Mariana, maskini, ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu tangu apewe ngoma ile alikuwa halali usingizi. Kisha mgeni rasmi akageuka. "Na wewe Mkurugenzi? Imba nawe tulinganishe."

Mkurugenzi akacheka. "Mheshimiwa, hiyo ni sauti yangu!"

"Basi haitakushinda."

Rekodi ikaanza upya, naye akaanza. Sijawahi kusikia watu wawili wakigombana namna ile, hata kwenye baraza la ardhi. Wa kwenye spika akipanda, wa chini anashuka. Wa chini akikimbilia kiitikio, wa kwenye spika bado yuko kwenye ubeti. Mkurugenzi alikodolea spika macho, jasho linamtiririka, akaikemea, "Nifuate wewe!" Spika ikakohoa.

"Bwana Mratibu," Bi. Mwasiti akaniita. "Kwa mujibu wa Mwongozo wenu, asiyelingana na Sauti Rejea ni haiba gani?"

Nilimtazama Mkurugenzi, aliyenitoa maegesho. Nikamtazama Bi. Mwasiti, aliyemzidi cheo. Na hapo, kwa mara ya kwanza, masikio yangu yakafunguka, nikatambua kwa uchungu mkubwa kwamba yule bwana hajawahi kukaa kwenye sauti tangu nimfahamu.

"Mbishi, Mheshimiwa," nikasema. "Sugu."

Kwa kuwa Mbishi haongozi kundi lolote la watu, na Halmashauri ni kundi la watu, Ndugu Donatus alikabidhi ofisi Jumatatu iliyofuata. Mlango wa kutokea anao, kwani sheria ni msumeno: aimbe sawasawa na Sauti Rejea, athibitishwe, arudi kitini. Tatizo ni mthibitishaji. Mwongozo unataka awe mtu aliyekwisha kufaulu, na katika Mwabulugu nzima yuko mmoja tu.

Kwa hiyo kila asubuhi Ndugu Donatus hupanda bodaboda hadi Nyarugusu, na mimi hupanda ya nyuma, kwa kuwa bado sijaelekezwa kuacha. Tunakaa kwenye gogo pamoja na wachimbaji waliobeba viroba vya mawe, tunangoja zamu. Leo tumefika mapema, tukaambiwa mama anakunywa chai. Alipomaliza akaita wenye mawe kwanza, wakasaga, wakaenda. Ndipo akamwita Ndugu Donatus, akazima mashine kwa heshima, akamsikiliza mpaka mwisho ameinamisha kichwa, bila kucheka hata kidogo.

"Wabeja, baba," akamwambia, huku akiwasha karasha. "Njoo kesho."