Kidole cha Sita cha Nyigu wa Shaba

Jumatano, 11 Oktoba

Zimebaki siku mbili. Leo nimekitoa kabatini, nimevaa glavu, nimekitazama dakika nne, nimekirudisha. Kitabu cha katuni, Nyigu wa Shaba, toleo la saba, mwaka 1968. Ndilo toleo ambalo Nyigu anavaa barakoa kwa mara ya kwanza. Hakina mkunjo. Hakina doa. Ninacho mwaka wa ishirini na tatu huu na sijawahi kukifungua hadi katikati.

Emmett Voskuil, mzee aliyekichora, ana miaka themanini na sita. Ijumaa anakuja hapa Toledo kwenye tamasha la mashabiki, kisha anastaafu. Hakuna tena. Akikitia saini, na kampuni ya kupima ubora wa vitabu ikakipa alama tisa nukta nane juu ya kumi na kukifunga kwenye kasha la plastiki lenye lebo ya njano, kabati la kioo pale maktaba ni langu. Chama chetu cha wakusanyaji kinaonyesha kitabu kimoja tu kwa mwaka mzima. Miaka sita mfululizo kimekaa kitabu cha Duane Ostrander. Tisa nukta sita! Kila Jumanne Duane hupita kukitazama. Nimemwona akikipungia mkono.

Tatizo ni foleni. Saa nne, tano za kusimama. Lakini wanaotembea kwa fremu hupitishwa mbele, na nani ana fremu? Mama mkwe! Verna, miaka sabini na tisa, yuko chumba cha nyuma hapa kwetu tangu mumewe, mzee Szabo, afariki mwezi Machi. Hatoki. Anakunywa supu, anatazama dirisha. Nimemwambia mke wangu Marjean kwamba ningependa kumtoa mama yake kidogo apate hewa. Marjean alinikumbatia akalia. Alisema hakujua nina moyo wa namna hiyo. Nilijisikia vibaya. Baada ya kahawa ilipita.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mazoezi jikoni. Nimempa mama mkwe sentensi tatu za kusema, zisizidi: Habari za asubuhi. Saini tu, juu kushoto. Asante. Akasema amezungumza na watu miaka sabini na tisa bila kuandikiwa.

Nikamweleza habari ya shahidi. Saini haihesabiwi mpaka mtu wa kampuni aione ikitiwa kwa macho yake. Anakichukua kitabu mkononi mwako, anakipeleka kwa mchoraji, anakirudisha kwenye meza ya kampuni. Ukishamkabidhi hukigusi tena. Saini isiyo na shahidi ni uchafu juu ya jalada, na alama zinashuka. Mama mkwe akauliza, kama mchoraji mwenyewe yupo na anasema ni saini yake, je? Nikasema haitoshi.

Akaomba akisome, ajue anakwenda kutiliwa saini kitu gani. Nikamwambia vitabu hivi havisomwi. Akauliza basi ni vya nini. Nikaenda kupanga gari.

Ijumaa, 13 Oktoba

Hasara tupu.

Tulifika saa mbili asubuhi. Foleni ya wenye fremu ilikuwa na watu thelathini na mmoja! Fremu, mikongojo, viti vya magurudumu. Utadhani Toledo nzima imeteleza kwenye barafu. Wakusanyaji wote wa kaskazini mwa Ohio wamekuja na bibi zao. Hakuna aibu tena duniani.

Na aliyekuwa wa tatu kutoka mbele ni Duane Ostrander, mguu ndani ya plasta hadi gotini. Alisema alianguka kwenye ngazi. Nikampa pole. Saa moja baadaye nilimfuata hadi kwenye banda la mikate ya chumvi, nikamwona akipanda ngazi mbili mbili. Nilikwenda kumshtaki kwa mlinzi. Mlinzi alikuwa amevaa mabawa. Akasema yeye si mlinzi, ni Nyigu.

Saa tisa Voskuil akafunga kalamu, mkono umechoka. Mbele yetu walibaki watu wanne. Mama mkwe hakulalamika hata kidogo, alikuwa akizungumza na bibi mmoja wa Sandusky kuhusu kabichi. Mimi ndiye niliyelalamika. Njia nzima hadi nyumbani.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio.

Tulifika saa kumi na mbili asubuhi. Wa pili! Shahidi tuliyepangiwa anaitwa Prentiss, mtu mzito wa fulana ya kampuni, haongei. Nikamkabidhi kitabu. Hapo nikaambiwa kila mwenye fremu anaruhusiwa mtu mmoja wa kumsindikiza, na mtu huyo ni shahidi. Mimi nikasukumwa nyuma ya kamba. Hatua ishirini hivi. Nilikuwa na darubini, lakini niliiacha garini.

Wakafika mezani. Nikahesabu sentensi kwenye midomo ya mama mkwe. Sentensi ya kwanza, sawa. Kisha akainama juu ya jalada, akavaa miwani, akasema kitu ambacho hakikuwa sentensi ya pili.

Prentiss alinieleza baadaye. Maneno yake yalikuwa haya: "Wewe bwana, huyu nyigu wako ana vidole sita."

Mzee Voskuil akakataa. Mama mkwe akamhesabia kwa ncha ya kijiko chake cha mfukoni. Mkono wa kushoto, ule ulioinuliwa. Sita! Miaka hamsini na tano, maelfu ya watu, mikutano ya chama, mimi na kioo changu cha kukuzia, hakuna aliyehesabu. Mzee akacheka mpaka akakohoa, mpaka wakamletea maji. Mimi nyuma ya kamba nilidhani anakufa kabla hajatia saini.

Kisha akachukua kalamu nene nyeusi. Akakikata kidole. Mstari mmoja, katikati ya jalada. Na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: "Verna alihesabu. Mimi sikuhesabu. E. Voskuil."

Nilipiga ukelele. Mtu mmoja wa mabawa alinishika.

Wakazungumza dakika kumi na moja zaidi. Foleni ikasimama. Prentiss naye akasimama palepale, kwa sababu sheria haimruhusu kuondoka bila mama mkwe, na mama mkwe alikuwa ameketi.

Jumapili, 15 Oktoba

Sikufumba jicho. Asubuhi nilikwenda kwenye meza ya kampuni kuwasihi mstari ule waandike ni sanaa, wasiandike ni uharibifu. Walisema wapimaji ndio wataamua na majibu yatakuja kwa posta. Duane alikuwa nyuma yangu akisikia kila neno. Akanipiga bega, akasema kwa huruma kubwa kwamba hata yeye angelia. Plasta ilikuwa kwenye mguu mwingine.

Mpango wa pili. Nina nakala ya akiba, pini zake zina kutu, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mama mkwe arudi foleni. Nikamtafuta kila mahali. Nikamkuta upande wa ndani wa meza! Amekaa karibu na Voskuil, amefungua bakuli la kabichi zilizojazwa nyama, wanakula kwa uma mmoja. Ndiye sasa anayepokea vitabu vya watu na kuwaambia wasisukumane.

Nikapanga foleni ya kawaida, miguu yangu miwili, kama mtu asiye na ndugu. Nilisimama kwa saa tatu na nusu. Nilipofika mezani mama mkwe akaweka kiganja juu ya kitabu changu.

"Mkono wake umechoka, Wendell. Nenda kalete gari."

Huyo ni mtu niliyemleta mimi.

Alhamisi, 7 Desemba

TISA NUKTA NANE!

Kifurushi kimefika saa nne. Nimekifungua kwa dakika ishirini. Lebo ya njano. Na chini ya alama wameandika: kidole cha sita kimefutwa na mchoraji mwenyewe, imeshuhudiwa. Hakuna kingine duniani. Hakuna! Nilimpigia Duane aje aone, akaja, akasimama mbele yake, akakaa kwenye kiti bila kuambiwa karibu. Aliomba maji. Nimempa maji ya bomba.

Maktaba wamekubali. Jumatatu kabati ni langu. Nimeweka kasha sebuleni, juu ya rafu, wageni waone.

Niandike pia kwamba Voskuil huja hapa kila Jumapili tangu tamasha. Kumbe anaishi Perrysburg, ng'ambo ya mto. Anakula, anacheza karata na mama mkwe, anakaa mpaka giza. Nani anajua mateso yangu? Mtu mwenyewe yuko mezani kwangu, kalamu iko mfukoni mwake, na saini yake hapa kwangu haina thamani ya ganda la yai, maana shahidi hayupo! Wiki iliyopita alitia saini kopo la paprika, ile pilipili nyekundu ya unga, ili kumchekesha mama mkwe. Nilitoka nje nikasimama kwenye theluji.

Jumamosi, 9 Desemba

Wamelivunja kasha.

Nilikwenda kununua taa ndogo ya kuweka ndani ya kabati la maktaba. Dakika arobaini. Nilirudi nikakuta kasha limepasuliwa kwa patasi yangu mwenyewe, vipande viko kwenye sinia la keki. Mama mkwe na Voskuil wameketi kwenye kochi, kitabu wazi kabisa mapajani, vikombe vya kahawa kila upande. Anamsomea. Akifungua ukurasa analamba kidole.

Kasha likivunjwa alama zinakufa. Lebo ni karatasi tu. Tisa nukta nane imeishi nyumbani kwangu siku mbili.

Sikupiga kelele. Nilimuuliza mama mkwe kwa nini. Akavua miwani.

"Kina jina langu, Wendell. Nilitaka kujua kinaishaje."

Nikamwambia kabati la maktaba limepotea, mwaka mwingine wa Duane umekuja. Akasema pole, na nadhani alikuwa anamaanisha. Akanisogezea nafasi kwenye kochi. Nikakaa. Akaendelea kusoma. Nyigu anavaa barakoa kwa sababu mke wake amefariki na hataki watu wamwone akilia. Miaka ishirini na mitatu sikujua. Voskuil alikuwa akitazama dirisha wakati huo, na mama mkwe akamshika mkono, ule wa kuchorea, bila kuacha kusoma.

Marjean alikuwa amesimama mlangoni. Alisema hajamsikia mama yake akisoma kwa sauti wala kucheka tangu Machi. Alinishukuru. Mimi! Alisema yote haya nimeyafanya mimi. Kwa dakika moja, pale kwenye kochi, nilikubali kabisa kwamba kitabu ni cha kusomwa, na kwamba kumefanyika jambo jema zaidi nyumbani kwangu kuliko kabati la kioo.

Kisha nikaona alama ya kahawa kwenye ukurasa wa kumi na tisa.

Jumapili, 17 Desemba

Leo baada ya chakula Voskuil alisimama, akagonga glasi. Yeye na mama mkwe wanafunga ndoa Februari, siku ya kumi na saba, kanisani Mtakatifu Stefano, na chakula kwenye ukumbi wa chini. Marjean alilia. Mama mkwe alikuwa mwekundu kama paprika na alijifanya anatafuta chumvi. Voskuil alinipa mkono akaniita mwanangu. Nikalia na mimi, kwa kweli, machozi yenyewe.

Nilikwenda kulia chumbani, na huko wazo likaja.

Nimeipigia kampuni. Wanaye shahidi wa kwenda kwenye shughuli za faragha, ilimradi vitabu visipungue hamsini! Mimi ninavyo ishirini na viwili. Nilimeza kiburi nikampigia Duane. Kabla sijamaliza alisema analeta vilivyobaki, na akauliza kama avae plasta. Nikamwambia hapana, hapa ni familia.

Meza ya saini itakuwa karibu na keki, kitambaa cheupe, haitambuliki. Bwana harusi ataletewa vitabu baada ya kukata keki na kabla ya kucheza, wakati moyo wake ni laini. Prentiss atavaa suti, ataonekana ni mjomba. Bibi harusi atakaa upande wa pili wa ukumbi, mbali na jalada lolote, na miwani yake nitaitunza mimi. Marjean hajui. Ameniambia leo kwamba nimebadilika, kwamba tangu Oktoba ana mume mpya.

Limebaki jambo moja. Misa ni ndefu na ratiba yangu imebana. Nimemwomba kasisi afupishe mahubiri. Nimemwambia ni kwa ajili ya wazee.