Besi Nyekundu ya Manang Koring

Jumatatu, 6 Mei

Msiba! Mwenye gitaa la besi tulilokuwa tukiazima amelichukua. Jumamosi ni fiesta, sikukuu ya kanisa letu, na bendi yetu inapiga uwanjani. Manoy Delfin, mpiga ngoma na kaka mkubwa wetu sote, amesema bila kupepesa macho kwamba nikija na besi napiga, nikija mikono mitupu anapiga Jesrel. Jesrel! Yule anayepaka mafuta ya nywele mpaka shingoni.

Nikaenda kwa Manang Koring, mama jirani anayeuza mitumba ya Japani. Ilikuwa inaning'inia kati ya makabati na baiskeli. Gitaa la besi, jekundu, limechubuka kidogo pale mkono unapolalia. Nikaikagua besi kama Manoy alivyotufundisha. Nikafumba jicho moja, nikatazama shingo kwa urefu wake. Imenyooka! Nikabonyeza nyuzi kwenye kila pingili ya shingo, hakuna inayokwaruza. Nikaivaa robo saa nzima, bega halikulalamika. Nikaichomeka kwenye spika, nikagusa uzi mnene. Sahani za Manang zikatetemeka kwenye rafu. Mimi pia.

Sijawahi kutaka kitu namna hii. Bei imenizidi, lakini kidogo tu. Manang amekataa kupunguza. Haidhuru. Nina akili.

Jumanne, 7 Mei

Mpango: kuwa mteja wa kwanza. Nani asiyejua kwamba mteja wa kufungua duka akiondoka bila kununua, nuksi inakaa mpaka jioni? Lazima muuzaji alegeze. Nilikuwa mlangoni kabla kufuli halijafunguliwa.

Manang amelegeza kweli! Ila si vya kutosha. Nikasema basi, nitarudi kesho. Akanidaka mkono. "Wendel mwanangu, unataka kuniua? Nunua chochote!"

Nimenunua mwavuli. Akachukua noti yangu akaigusisha kwenye bidhaa zote, ili nazo zipate wanunuzi. Hata kwenye besi. Roho iliniuma.

Jumatano, 8 Mei

Wa kwanza tena. Bei ileile ya jana. Lakini mfuko wangu umepungua kwa ajili ya mwavuli. Hilo sikuliona mapema.

Nimenunua paka wa udongo anayepunga mkono. Mama amefurahi, anasema hatimaye nimeanza kuifikiria nyumba. Usiku wa kuamkia leo niliiota besi. Nikaamka vidole vinapapasa mto.

Mchana nikamkuta Jesrel dukani amesimama chini ya besi, shingo juu! Akaniuliza, "Ndugu yangu, hii nyekundu ni nzima?" Nikamjibu kwamba sijui, mimi hapa hununua miavuli.

Alhamisi, 9 Mei

Mpango wa hali ya juu. Nimemnong'oneza Manang Koring kwamba shingo ya besi imepinda. Nikamfundisha kufumba jicho moja na kutazama. Hajui magitaa, akaona nilichomwambia aone. Nikasema kwa upole kwamba naweza kumwondolea aibu hiyo, kwa bei ya huruma.

Akashika kifua. Akasema marehemu mumewe hakuwahi kumuuzia mtu kitu kibovu, sembuse mtoto wa jirani. Haniuzii! Nikasihi. Nikasema napenda shingo zilizopinda. Akasema huo ni moyo wangu mzuri tu, akanipa sufuria bure kwa uaminifu wangu.

Jesrel alipokuja naye akaambiwa besi ni mbovu. Hapo nilifarijika kidogo.

Ijumaa, 10 Mei

Ukuta mtupu!

Manang Koring ameiuza besi kwa Manang Luding wa kibanda cha nyama choma, kama pambo. Pambo! Nimekimbilia huko. Ipo ukutani, nyuzi zimeng'olewa, imezungushiwa taa za rangi. Nikaagiza mishikaki ya utumbo wa kuku ili nipate sababu ya kukaa. Nimekaa mishikaki tisa. Pale juu haisemi chochote, na mimi najua sauti iliyomo ndani yake. Ni mimi peke yangu ninayejua.

Jumamosi, 11 Mei

Fiesta. Jesrel amepiga, kwa besi ya mjomba wake. Amepiga vizuri. Inaniuma kuandika hivyo.

Nilisimama karibu na jukwaa. Kila wimbo vidole vyangu vilijua pa kuingia, vikapiga kwenye paja mpaka mwisho. Bibi mmoja akaniuliza kama nawashwa. Nilitaka kuwa pale juu. Nimelia kidogo nyuma ya spika. Hakuna aliyesikia.

Baadaye Manoy Delfin akaniwekea mkono begani. Amesema mtaa wa pili wana fiesta yao Jumamosi ijayo, na nafasi ni yangu bado, nikipata besi. Siku saba!

Jumapili, 12 Mei

Sasa nimekua. Kosa langu lilikuwa kusema shingo imepinda. Nani anaogopa shingo iliyopinda? Leo nimesema mchwa.

Nilifika kibandani Manang Luding anapanga makaa. Nikamwambia, kwa uso wa huzuni, kwamba ile besi imejaa mchwa na karibuni watahamia kwenye nguzo za kibanda. Nikajitolea kuiondoa mwenyewe. Ameshtuka vizuri sana! Akasema hawezi kuniacha nimpelekee mama yangu wadudu nyumbani. Akaniita kijana mwema. Akampigia kelele mumewe aishushe upesi na aje na shoka, nadhani ni la kufungulia skrubu zinazoishikilia ukutani.

Nimewaacha waifanye kazi yao kwa utulivu. Nitakwenda jioni kuichukua. Kutoka dirishani kwetu naona moshi wa jiko lao leo ni mwingi kuliko siku zote. Biashara yao imechangamka, kwa hiyo watanipa kwa bei nzuri.